Bima ya Wenyewe: Ilikotoka, Inavyofanya Kazi na Inavyomhusu Mwananchi wa Mbulu na Hanang

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kugawana hasara ni desturi ya zamani kuliko kampuni yoyote ya bima. Mfugaji wa Kiiraqw au wa Kidatoga mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja. Aliwakabidhi baadhi kwa ndugu au rafiki aliye mbali. Mpokeaji akanywa maziwa na kutumia samadi, nao mzao ukabaki kuwa mali ya mwenye ng'ombe. Ugonjwa ulipoingia katika boma moja, au mvua ilipokosekana upande mmoja wa bonde, mfugaji huyo hakupoteza kila kitu kwa siku moja. Leo vikundi vya kufa na kuzikana, VICOBA na vyama vya ushirika vinaendeleza wazo hilohilo kwa fedha taslimu: wanaofahamiana wanachanga kabla ya shida ili shida ikifika asiwepo wa kubeba peke yake.

Ulimwenguni, kampuni kubwa za viwanda, meli, mafuta na hospitali zilifikia wazo linalofanana na hilo kwa njia yao. Badala ya kununua bima kwa kampuni ya nje, zilianzisha kampuni zao wenyewe za bima. Katika makala haya tutaziita kampuni za namna hiyo kampuni za bima ya wenyewe. Makala yanaeleza historia yake, sababu za kukua kwake na mipaka yake. Pia yanaonesha jinsi jambo linaloonekana kuwa la matajiri wa mbali linavyomgusa mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu, mfugaji wa Basotu na mfanyabiashara wa Katesh.

MAANA YA BIMA YA WENYEWE

Katika bima ya kawaida, watu wengi wasiofahamiana hulipa ada kwa kampuni moja. Kampuni hukusanya ada hizo, hulipa fidia kwa wachache waliopatwa na hasara, na kinachobaki huwa faida ya wenye kampuni. Mkata bima ni mteja. Hana sauti katika uendeshaji wala fungu katika faida.

Katika bima ya wenyewe, mkata bima ndiye mwenye kampuni. Kampuni mama, kwa mfano mmiliki wa migodi au meli, huanzisha kampuni ndogo yenye leseni ya bima, mtaji wake na hesabu zake. Kampuni mama hulipa ada kwa kampuni hiyo, nayo huahidi kulipa fidia hasara zilizoandikwa katika mkataba zikitokea. Mwaka ukipita bila hasara kubwa, fedha zinabaki ndani ya nyumba. Mwaka ukiwa mbaya, zinazopungua ni fedha zao wenyewe.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni kampuni ya mwenye mmoja, inayohudumia shirika moja na matawi yake. Ya pili ni ya kundi, ambapo wenye shughuli zinazofanana, kama vile wamiliki wa meli au hospitali, huanzisha na kumiliki kampuni moja kwa pamoja. Aina hii ya pili inakaribiana zaidi na vikundi tunavyovijua vijijini.

Yafaa kutofautisha bima ya wenyewe na kuweka akiba tu. Mtu anayeweka fedha kando kwa ajili ya siku ya shida anajitegemea mwenyewe, na akiba hiyo anaweza kuitumia kwa jambo jingine wakati wowote. Kampuni ya bima ya wenyewe imefungwa na mkataba, inasimamiwa na mamlaka ya bima ya nchi ilikosajiliwa, na inatakiwa kuwa na mtaji wa kutosha wa kutimiza ahadi zake. Tofauti hiyo ya usimamizi ndiyo tutakayoirudia tutakapofika kwenye vikundi vya kwetu.

MIZIZI YAKE

Wazo la wenye mali kujikatia bima lina umri wa miaka mingi. Mwaka 1855 wamiliki wa meli wa Uingereza walianzisha chama cha kulindana dhidi ya dhima ambazo kampuni za bima za wakati huo hazikutaka kuzibeba zote, hasa madai yanayotokana na meli kugongana na watu kujeruhiwa. Vyama vya namna hiyo vipo hadi leo, na sehemu kubwa ya meli zinazotia nanga Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina kinga ya dhima kupitia kwavyo. Mwaka 1887 Kanisa la Anglikana nchini Uingereza lilipata kampuni iliyoundwa mahususi kuyakatia bima majengo yake dhidi ya moto.

Katika mifano hiyo yote miwili sababu ilikuwa moja. Soko la kawaida halikuwa tayari kuibeba hatari fulani, au lilitoza ada ambayo wenye mali waliona hailingani na hasara wanazozipata kweli. Basi wakakusanyika.

JINA NA UKUAJI

Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa bima wa Marekani aliyeitwa Frederic Reiss alifanya kazi na kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube katika jimbo la Ohio. Kampuni hiyo ilikuwa na migodi ambayo mazao yake yote yalikwenda kwenye viwanda vyake yenyewe, na kwa Kiingereza migodi hiyo iliitwa kwa neno lenye maana ya mateka, kwa kuwa haikumuuzia mtu mwingine. Reiss alipoisaidia kampuni hiyo kuunda kampuni ya bima ya kuihudumia peke yake, alilichukua neno lilelile. Ndiyo maana katika nyaraka za kigeni kampuni hizi huitwa za mateka, ingawa hakuna aliyetekwa.

Sheria za bima za Marekani wakati huo ziliandikwa kwa ajili ya kampuni zinazouzia umma, na masharti yake ya mtaji yalikuwa mazito kwa kampuni yenye mteja mmoja. Mwaka 1962 Reiss alihamishia shughuli zake Bermuda, kisiwa kilichopo katika Bahari ya Atlantiki, ambako sheria zilikuwa nyepesi na kodi ndogo. Kampuni nyingine zikafuata, na Bermuda ikawa makao makuu ya biashara hii. Visiwa vya Cayman na Guernsey navyo vikajijengea nafasi.

Mawimbi mawili ya ukuaji yalifuata. Katika miaka ya 1970 ada za bima ya makosa ya kitabibu zilipanda sana nchini Marekani, na baadhi ya kampuni za bima zikajiondoa. Mwaka 1976 hospitali zinazohusiana na Chuo Kikuu cha Harvard zilianzisha kampuni yao ya bima, iliyosajiliwa Cayman. Katikati ya miaka ya 1980 bima ya dhima ilipokuwa adimu na ghali tena, kampuni kubwa za viwanda ziliungana: 34 kati yake zilianzisha ACE mwaka 1985, na nyingine zikaanzisha XL mwaka 1986, zote kwa ajili ya kupata kinga ambayo soko liliikataa. Baadaye kampuni hizo mbili zilianza kuuzia watu wengine na kuwa kampuni za kawaida za kimataifa. Wakati huohuo jimbo la Vermont nchini Marekani lilipitisha sheria maalumu mwaka 1981 ili kuzirudisha kampuni hizi nyumbani, na likafanikiwa kuwa kituo chake kikubwa nchini humo.

Hivi leo kampuni za bima ya wenyewe ulimwenguni zinazidi 6,000. Barani Afrika, Mauritius ilitunga sheria yake mahususi mwaka 2015. Zimekua zaidi katika vipindi ambavyo bima ya kawaida ilikuwa ghali au haipatikani, na kasi hiyo imepungua bima iliposhuka bei.

Historia hii haikukosa doa. Mamlaka za kodi za nchi mbalimbali zimekuwa zikihoji kama ada anayojilipa mtu mwenyewe ni ada ya bima kweli, au ni njia ya kupeleka faida mahali penye kodi ndogo. Kigezo kimoja kinachotumika ni kuuliza kama hatari imehamishwa na kugawanywa kwelikweli, au fedha zimehamishwa tu kutoka mfuko huu kwenda ule.

AFRIKA MASHARIKI NA TANZANIA

Katika eneo letu, mfano ulio karibu zaidi na bima ya wenyewe ya kundi ulitokea Kenya. Mwaka 1968 shirikisho la vyama vya ushirika la nchi hiyo lilianzisha kitengo cha bima kwa ajili ya vyama wanachama. Mwaka 1978 kitengo hicho kilipata leseni na kuwa kampuni kamili, ambayo leo inajulikana kama CIC na inauzia umma. Wakulima na wafanyakazi walioweka akiba katika vyama vyao walijikuta wakimiliki, kupitia vyama hivyo, kampuni ya bima.

Tanzania ilipita njia nyingine. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya bima ilitaifishwa na NIC ikabaki peke yake sokoni. Katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilipolima ngano kwa maelfu ya ekari katika mashamba makubwa ya Hanang, hapakuwa na kampuni nyingine ya kuyakatia bima matrekta, maghala na mitambo. Shirika la umma lilimlipa shirika la umma, na hasara na faida zote zikabaki katika mfuko wa taifa. Kwa maana ya kitaalamu NIC haikuwa kampuni ya bima ya wenyewe, kwa kuwa iliuzia wananchi wote. Hata hivyo, kwa mali za umma mzunguko wa fedha ulifanana nayo.

Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi. Mwaka 2004 ilianzishwa TAN-RE, kampuni ya bima mtawanyo ya Tanzania. Bima mtawanyo ni bima ambayo kampuni za bima hujikatia zenyewe ili hasara kubwa isiziangushe. Kisha Sheria ya Bima ya mwaka 2009, Sura ya 394, iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, inayosimamia soko hili hadi sasa.

Sheria hiyo inaweka kanuni moja inayowahusu wenye kampuni za bima ya wenyewe. Mtu au shirika lililopo Tanzania linatakiwa kukata bima ya mali na dhima zake kwa kampuni iliyosajiliwa hapa nchini, isipokuwa kwa kibali cha Kamishna wa Bima. Kwa hiyo shirika la kimataifa lenye kampuni yake ya bima Bermuda au Guernsey haliruhusiwi kuleta hati ya huko na kuitumia hapa kana kwamba ni ya hapa. Kwa kawaida hukata bima kwa kampuni ya Tanzania, na kampuni ya Tanzania huitawanya sehemu ya hatari kwenda nje, ikiwamo kwa ile kampuni ya wenyewe. Faida ya kanuni hii kwa mwananchi tutaiona hivi punde.

MIPAKA YA BIMA YA WENYEWE

Wanaochanga pamoja wakiwa wachache, au wakiwa wote wanakabiliwa na hatari ileile, mfuko wao unaweza kushindwa siku unapohitajika zaidi. Mifano mitatu inatosha kulionesha hilo.

Wa kwanza ni wa kampuni ya mafuta ya BP. Kwa miaka mingi BP ilitegemea kampuni yake ya bima iitwayo Jupiter, iliyosajiliwa Guernsey, badala ya kununua bima nyingi sokoni. Mwaka 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Kinga ya Jupiter kwa tukio moja ilikuwa dola milioni 700. Gharama za BP zilipita dola bilioni 60. BP ilinusurika kwa kuuza mali na kwa kuwa ilikuwa tajiri, wala si kwa sababu ya bima yake.

Wa pili ni wa nchi za Afrika zenyewe. Kupitia Umoja wa Afrika, nchi kadhaa zilianzisha African Risk Capacity, ambayo kampuni yake ya bima ilianza kazi mwaka 2014 ikiwa na usajili Bermuda na ikimilikiwa na wanachama. Hulipa serikali fedha ukame unapotokea, kwa kutumia vipimo vya mvua na hesabu za mazao badala ya kumtembelea kila mkulima. Mapema mwaka 2015 iliwalipa Senegal, Niger na Mauritania zaidi ya dola milioni 26. Lakini katika ukame wa msimu wa 2015/2016 nchini Malawi, hesabu zilionesha kwamba hakuna cha kulipa wakati mamilioni ya watu walikuwa wanahitaji chakula. Uchunguzi ulibaini kuwa aina ya mahindi iliyowekwa katika hesabu haikuwa ile ambayo wakulima wengi walikuwa wameipanda. Hesabu ziliporekebishwa, Malawi ililipwa takriban dola milioni 8, ila miezi mingi ilikuwa imepita.

Wa tatu ni wa kwetu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha, na nyumba, maduka, mifugo na mashamba vilifukiwa au kusombwa. Serikali iligharamia mazishi na matibabu, na baadaye ikawajengea makazi mapya waliopoteza nyumba, kwa msaada wa wadau wengi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili kuona tukio la namna hiyo linavyoupima mfuko wa kikundi. Kikundi kina wanachama 40, kila mmoja anachanga shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka kinakusanya shilingi 2,400,000. Kimeahidi kutoa shilingi 500,000 kwa kila msiba katika kaya ya mwanachama. Katika mwaka wa kawaida ikitokea misiba miwili, kikundi hutoa shilingi 1,000,000 na kubaki na 1,400,000. Mahesabu ni mazuri na kila mtu ameridhika. Sasa wanachama wote wanaishi kando ya korongo moja, na siku moja korongo hilo linaleta misiba 9. Ahadi ni shilingi 4,500,000. Mfukoni zimo 1,400,000. Zinapungua shilingi 3,100,000. Ikiwa kikundi kina desturi ya kugawana fedha zilizobaki kila mwisho wa mwaka, na tukio likatokea wiki moja baada ya mgao, mfukoni hamna kitu. Zaidi ya hayo, wanachama ambao wangeombwa kuchanga tena ndio haohao waliofiwa na kupoteza mali.

Hakuna aliyeiba wala aliyekosea hesabu katika mfano huo. Kasoro ni kwamba hatari ya wote ilikuwa moja. Mfugaji wa zamani aliyetawanya ng'ombe wake mbali na boma alikuwa ameitatua kasoro hiyo kwa umbali. Bima huitatua kwa bima mtawanyo na kwa kuunganisha watu wa maeneo mengi. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulipitia njia hiyo. Ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na Hanang ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuupokea. Kwa miaka mingi kila wilaya iliendesha mfuko wake. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, iliiunganisha michango katika ngazi ya mkoa ili wengi zaidi wabebe mzigo wa wachache.

INAKUGUSA WAPI

Kwanza, barabarani. Barabara kuu ya Singida hadi Babati inapita Katesh, na hupitisha malori ya kampuni kubwa. Ukigongwa na gari ambalo mmiliki wake ana kampuni yake ya bima ng'ambo, huhitaji kuitafuta kampuni hiyo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine. Dai lako linakwenda kwa kampuni ya Tanzania iliyotoa hati hiyo. Kampuni hiyo haiwezi kukuambia usubiri mpaka ilipwe na kampuni ya bima mtawanyo. Mkataba wao wa nje ni wao, na wajibu wa kukulipa unabaki kwake.

Pili, katika mkopo. Benki, SACCOS au taasisi nyingine inapokukopesha, mara nyingi hukata kiasi kidogo kwa ajili ya bima ili deni lilipwe endapo mkopaji atafariki. Wakopaji wengi hudhani fedha hizo zinakaa kwa mkopeshaji. Uliza: je, imekatwa bima kwa kampuni yenye leseni, au mkopeshaji ameanzisha mfuko wake wa ndani? Kama ni bima, unastahili kujua jina la kampuni, kiasi cha kinga na mambo yasiyolindwa. Waeleze na wanafamilia wako, kwa kuwa wao ndio watakaodai.

Tatu, katika kikundi. Wanachama kusaidiana kwa michango yao ni jambo jema, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii na kuvitaka visajiliwe. Lakini kikundi, taasisi au mtu yeyote anapoanza kuuzia umma ahadi ya kulipa fidia kwa malipo ya ada, hiyo ni biashara ya bima, nayo haifanywi bila leseni. Neno bima likiandikwa kwenye kadi au bango pekee halimlindi mtu. Mfuko usio na leseni hauna mtaji unaokaguliwa na mamlaka ya bima, na siku ukishindwa kulipa, njia za kukusaidia ni chache.

Nne, katika shamba na zizi. Mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliungana katika konsotia ya bima ya kilimo, TAIC, ili zibebe kwa pamoja hatari ambayo kila moja peke yake ilikuwa ikiiogopa. Umoja huo ni wa kampuni za bima, si wa wakulima, lakini sababu yake inafanana na ile iliyowakusanya wamiliki wa meli mwaka 1855. Ukikata bima ya mazao inayolipa kwa vipimo vya mvua au picha za satelaiti, kumbuka yaliyoipata Malawi. Uliza kipimo kinachukuliwa wapi, kwa zao gani na kwa kipindi gani cha msimu. Mvua ya Dongobesh si mvua ya Basotu, na mbaazi hazikomai pamoja na maharage.

MASWALI KWA KIKUNDI CHAKO

Kabla ya mkutano mkuu ujao wa kikundi chako, fikiria maswali haya na uyalete mezani.

1. Tukipatwa wote na janga moja siku moja, tumeahidi kulipa kiasi gani, na mfukoni tuna kiasi gani?

2. Je, katiba yetu inasema nini fedha zisipotosha: kila mmoja apunguziwe kwa uwiano, au wa kwanza kudai alipwe yote na wa mwisho akose?

3. Je, tunabakiza akiba ya dharura isiyoguswa wakati wa mgao wa mwisho wa mwaka? Fedha hizo zinatunzwa wapi, na ni watu wangapi wanaotia sahihi kuzitoa?

4. Je, hatari kubwa kuliko uwezo wetu, kama vile vifo vingi kwa wakati mmoja, moto wa soko au maporomoko, tunaweza kuikatia bima ya kikundi kwa kampuni yenye leseni, nasi tukaendelea kujibebea misiba ya kawaida?

Swali la nne ndilo ambalo kampuni kubwa zilijifunza kwa gharama. Kampuni ya bima ya wenyewe iliyopangwa vizuri hubeba hasara ndogo za mara kwa mara, kwa kuwa hizo zinatabirika, na hununua bima mtawanyo kwa hasara kubwa zinazotokea mara chache. Kikundi cha watu 40 kinaweza kufuata mpango huohuo. Bima ya maisha ya kikundi kwa kawaida humgharimu kila mwanachama kidogo kuliko ile ya mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kampuni inashughulika na orodha moja na mkataba mmoja.

UKIKWAMA

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kwamba kampuni, wakala au dalali anayekuhudumia ana leseni. Orodha ya waliosajiliwa inapatikana TIRA, na stika ya bima ya chombo cha moto inaweza kuhakikiwa kwa simu kupitia mfumo wa TIRA-MIS. Dai stakabadhi na hati ya bima, na uzitunze mahali pasipofikiwa na maji. Wengi hupoteza nyaraka zao katika janga lilelile walilolikatia bima. Piga picha ya hati na umtumie ndugu anayeishi kwingine.

Likitokea janga, iarifu kampuni mapema na kwa maandishi. Usiporidhika na jibu, andika malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza na ubaki na nakala. Ikishindikana, peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili kusuluhisha migogoro kati ya wananchi na kampuni za bima bila kulazimika kwenda mahakamani. Eleza tarehe, namba ya hati, kiasi unachodai na majibu uliyopewa.

Kwa kikundi kisicho na hati ya bima, hatua ya kwanza ni ndogo zaidi: mweka hazina asome mbele ya wanachama salio la mfuko na jumla ya ahadi ambazo kikundi kimetoa, namba hizo mbili ziandikwe ubaoni bega kwa bega, na mjadala uanzie hapo.